Nikiwa peke yangu niko sawa, nikiwa na mchumba inagoma. Ndoa ni baada ya Pasaka, naombeni ushauri

Fundi_wa_Stendi

Kamwene wakuu. Naenda moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitaishia kufuta.

Nina miaka 28, niko Makambako, nina banda la kurushia muvi na nyimbo karibu na stendi. Kazi hii nilianza kwa kuajiriwa. Bosi wangu wa kwanza alikuwa na folda kwenye kompyuta imeandikwa KWAYA MPYA. Ndani hakuna kwaya hata moja. Watu wazima na makoti yao, wengine Jumapili nawaona viti vya mbele kabisa, walikuwa wanakuja na flashi, wanachagua muvi mbili tatu za kivita, halafu anainama pale dirishani: "Kijana, niongezee na zile za usiku." Kazi yangu ilikuwa kuhakiki kila faili inafunguka kabla mteja hajaondoka. Kwa hiyo nimeziona zote. Nilipofungua banda langu sikuziweka, ila kwenye simu niliendelea. Karibu kila usiku kabla ya kulala, na nyeto juu yake.

Nina mchumba, mwalimu wa chekechea Mafinga, kwao Tukuyu. Mahari imeshatolewa. (Mnaotaka kusema tungesubiri ndoa, nimewasikia, tuendelee.) Tukikutana tunaanza vizuri, tukifika penyewe inalala. Au inasimama, naingiwa na wasiwasi kwamba italala, na kweli inalala. Nikirudi Makambako na simu yangu haina tatizo lolote. Mara ya mwisho aliniuliza taratibu, "Au mimi sikuvutii?" Nilikosa la kusema.

Kijiweni wameniambia mkuyati, wengine vumbi la Kongo, mmoja akasema nipige ulanzi kwanza nitoe aibu. Huyo wa ulanzi mke wake amerudi kwao, kwa hiyo nimemuweka pembeni.

Halafu kuna hili linanikera. Mchumba wangu anaandaliwa kicheni pati, mashangazi wanatoka Tukuyu na Mbeya mjini kuja kumfunda. Mimi bwana harusi ninaandaliwa nini? Kamati inaniuliza hela ya ukumbi. Hakuna baba mdogo wala mjomba aliyewahi kuniambia lolote zaidi ya "usije ukatuaibisha". Ninachokijua chote kimetoka KWAYA MPYA.

Je, ni hizi video zimeniharibu? Nikienda hospitali si nitachekwa? Na mchumba nimwambie, au nikae kimya mpaka ikae sawa?

Dume_la_Tunduma

Miaka 28 unalia? Sisi wenzio mabao matatu usiku na alfajiri tuko barabarani na semi. Acha chipsi, kula karanga, mihogo mibichi na supu ya pweza. Mwanaume haombi ushauri wa kitanda kwa watu asiowajua.

Msonyo

Pweza Makambako? Atateremka na TAZARA?

Dawa_za_Asili_Mikoani

Mkuu tatizo lako dogo sana. Inaongeza nguvu, dakika na ukubwa, siku 7 tu. Tunatuma kwa basi mikoa yote. Njoo PM.

Tabibu_Kihesa

Mdogo wangu, usiende PM. Nijibu kwanza: asubuhi unaamka imesimama? Kama ndiyo, na peke yako iko sawa kama ulivyoandika, basi mishipa na damu vinafanya kazi. Mtu ambaye kisukari au presha vimeshaharibu mishipa yake, haimchagulii nani yupo chumbani, hata peke yake inagoma. Kwako naona zaidi wasiwasi. Mwili ukiogopa unamwaga adrenalini, na adrenalini inabana mishipa midogo, ikiwemo ile inayopaswa kuujaza uume damu. Wewe uko kitandani na mtoto wa watu lakini akili iko chini inakagua, na kule kukagua ndiko kunakoilaza.

Sasa hizo video. Mitandaoni kila mtu ni mraibu siku hizi. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeweka tatizo la mtu kushindwa kudhibiti tabia zake za ngono. Ila masharti yake ni makubwa: hali iwe ya muda mrefu, kama miezi sita au zaidi, umejaribu kupunguza ukashindwa, mpaka kazi, afya au familia vinaharibika. Na wameandika wazi kwamba kujisikia vibaya kwa sababu tu unaona jambo ni baya kimaadili hakutoshi kukuita mgonjwa. Kuhusu kama video zenyewe ndizo zinalaza uume, wataalamu bado wanabishana na matokeo ya tafiti yanapingana. Ninachokiona mimi ni mazoea. Miaka yote umeuzoesha mwili mkono wako, kasi yako, na sura mpya kila ukigusa kioo. Halafu unaletewa mtu mmoja, anapumua, anakuangalia usoni, ana haya zake. Mwili unashangaa. Ipumzishe simu wiki kadhaa, na nyeto ipunguze au iache kabisa kwa kipindi hicho. Simu ilale sebuleni, usiiwekee ahadi tu ukaiweka chini ya mto.

Hospitali nenda, upimwe presha na sukari, useme ukweli kuhusu pombe na sigara. Hakuna wa kukucheka. Wanaume wengi ninaowaona na tatizo hili wanaanza kwa kusema "daktari, kiuno kinanisumbua". Nawaacha waongee kiuno, baada ya muda linatoka lenyewe. Wewe ukienda sema hivihivi ulivyoandika hapa, utaokoa nusu saa. Na hospitali za rufaa zina idara ya afya ya akili, usiogope jina, kazi yao ni pamoja na wasiwasi kama wako.

Ule mkuyati na lile vumbi hujui ndani kuna nini wala kiasi gani. Hata kidonge halisi cha bluu, yaani Viagra, kilichoingia sokoni mwaka 1998, hakitakiwi kununuliwa kwa muuza karanga, kwa sababu mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akikimeza presha inaporomoka na anaweza kufa.

Mpasua_Mbao_Mafinga

Naongezea kwa huyu wa mabao matatu. Mwaka 2005 zilichapishwa takwimu za wapenzi 500 hivi kutoka Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani. Walipewa saa ya kubonyeza, mwanamke ndiye anabonyeza. Ukiwapanga wote kwa mstari, yule wa katikati alitumia dakika 5.4. Kuna waliomaliza chini ya dakika moja na kuna waliofika 44. Kijiweni kwetu kiwandani hakuna aliye chini ya saa nzima, na wote wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu. Watalala saa ngapi?

Mimi nimekaa na wapasua mbao miaka. Tunajua nani ana deni la nani, nani kagombana na mkwe. Lakini sijawahi kusikia mwanaume mmoja akisema "jana nilishindwa". Hilo halisemwi. Kwa hiyo kijana akishindwa anajiona yeye peke yake dunia nzima.

Dume_la_Tunduma

Wazungu hao. Saa ya kubonyeza kitandani, yaani!

Mtumishi_Mbozi

Wapendwa tunazunguka mbuyu. Hiyo ni roho ya uzinzi imeingilia machoni. Kijana afunge, aombe, aivunje hiyo simu.

Mpasua_Mbao_Mafinga

Mtumishi, kuomba sipingi, mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Ila simu ndiyo inayomuingizia hela ya kula, akiivunja utamlisha wewe? Na kumwambia ana roho chafu kunamsaidiaje? Mwanaume akimaliza kuangalia anajichukia, akijichukia anakosa usingizi, akikosa usingizi anaishika simu tena. Mwambie aache, sawa. Ila usimwongezee sababu ya kujificha.

Wakili_wa_Kijiweni

Nje ya mada kidogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inakataza kusambaza ngono kwa kompyuta. Faini haipungui milioni 20, au jela isiyopungua miaka saba, au vyote viwili. Umefanya vizuri kutoiweka ile kwaya kwenye banda lako. Mteja akiinama dirishani, mpe muvi za kivita aende.

Mama_Wawili_Uyole

Nimesoma wote, sasa ngoja mwanamke aseme.

Mdogo wangu, usizionee wivu kicheni pati. Mimi nilifundwa siku mbili. Nilifundishwa kukata kiuno, kukanda kwa maji ya moto, kunyamaza mume akirudi na hasira. Nikaambiwa mume akishindwa, kosa ni la mke, hajui kumshughulikia. Hakuna shangazi aliyeniambia nina haki ya kusema "hapa panauma" au "hivi ndivyo napenda". Kwa hiyo wewe umetoka na KWAYA MPYA, yeye anatoka na maneno ya mashangazi, mnakutana chumba kimoja, wote mnaigiza.

Mume wangu miaka ya mwanzo alikuwa hivyo. Si kulala, yeye shida yake nyingine. Ananigeuza kila baada ya dakika, huku, kule, inua mguu, utadhani kuna mpiga picha kasimama mlangoni. Nilikuwa nachoka, halafu nalia bafuni. Sikuwa na ugomvi na kuangalia kwake, na tusidanganyane, wanawake nao wanaangalia. Kilichoniuma ni kwamba yuko na mimi lakini ana kazi ya kumaliza. Siku nilipomwambia "tulia, nishike mkono tu", alishangaa kama nimeongea Kichina.

Kwenye hizo video, wanaume mnaona wapi mtu anauliza "unajisikiaje"? Wanaanza tu, na mwanamke anapiga kelele kabla hata hajaguswa. Zimekatwa zikaungwa, kilichowashinda mmefichwa. Wanawake wengi hawafiki kwa kuingiliwa peke yake, hata uwe na hayo mabao matatu ya Tunduma. Wanahitaji kushikwa, kubusiwa, muda, maneno. Na hivyo vyote, mdogo wangu, havihitaji isimame! Ukilijua hilo, nusu ya hofu yako inakwisha.

Ukimtembelea tena, mkubaliane usiku huo hakuna kuingiliana. Mwogeshane, mkandane, mpige stori, mlale. Fanyeni hivyo tena na tena. Ikisimama, iacheni isimame, ikilala, ilale.

Tabibu_Kihesa

Dada kamaliza. Hicho cha mwisho ndicho wataalamu wa tiba ya ndoa wanachowapa wanandoa, tangu miaka ya 1970. Kuahirisha kuingiliana kwa makusudi ili mwili uache kuogopa mtihani.

Fundi_wa_Stendi

Tabibu, asubuhi ndiyo, karibu kila siku. Sikuwahi kufikiri hiyo ina maana yoyote.

Hospitali ya hapa mjini kila mtu ananijua kama fundi wa muvi, nitapanda basi nije Iringa. Dada wa Uyole, ubarikiwe. Lakini bado nimekwama kwenye lile la tatu. Namwambiaje? Nikitaja video ataanza kujilinganisha na wale wa kwenye video, namjua. Nilikuwa nafikiri nisubiri mpaka baada ya kicheni pati, awe ametulia.

Mama_Wawili_Uyole

Usisubiri! Baada ya kicheni pati atakuwa ameshajazwa kwamba tatizo ni yeye, na hapo hata ukiapa hatakuamini. Nenda Mafinga wikiendi hii. Msiongelee kitandani, wala usimwandikie meseji, atazionyesha kwa dada yake. Tembeeni, mwambie mkiwa mnatembea, hamtazamani usoni, inakuwa rahisi. Anza na lile swali alilokuuliza ukanyamaza: "Uliniuliza kama hunivutii. Unanivutia sana, ndiyo maana naogopa kushindwa." Kisha mwambie unapumzisha video na unaenda kupima. Usimsimulie ulichokuwa unaangalia, hilo halimsaidii. Akiuliza, mjibu kwa kifupi na usidanganye. Akinyamaza, na wewe nyamaza, mwache afikiri.