Kupanda barafu Ouray, Colorado, na familia kwa mara ya kwanza: tujiandae vipi?

Msafiri_Aurora

Habari za humu wakuu. Januari tunapanga kwenda Ouray, pale kwenye korongo la mto Uncompahgre wanapotengeneza barafu ya kupanda. Tutakuwa mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 10 (kilo 29) na shemeji zangu wawili. Hao mashemeji hupanda kuta za ukumbini, kwa hiyo fundo la nane (la kujifunga kamba) na kushika kamba (kumlinda mpandaji kwa kamba ukiwa chini) wanajua. Barafu hajawahi kuigusa hata mmoja wetu. Tutapanda kwa kamba iliyofungwa juu tu, hakuna wa kutangulia kupanda na kamba ikimfuata kutoka chini.

Tununue nini, tukodi nini? Mtoto ataweza? Na mashemeji wanauliza kama uzoefu wa ukumbini unatosha.

Kamba_na_Karabina

Mkuu, naanza na swali la mashemeji kwa sababu ndilo lenye hatari. Ukumbini mshika kamba huzoea kusimama chini ya mpandaji huku akimtazama. Kwenye barafu tabia hiyo inaumiza watu. Kila pigo la shoka huangusha kitu, na kipande kinachotoka mita 20 juu kinatosha kuvunja pua au mkono. Asimame pembeni, mita 3 au 4 nje ya mstari wa mpandaji, na kama kuna mwamba uliotokeza ajikinge hapo. Akisikia "Ice!" (onyo kwamba barafu inaanguka) asiinue uso. Ainamishe kichwa ili helmeti ipokee, abane mabega, na mkono wa breki (unaoizuia kamba) usiachie kamba kwa lolote. Anayepumzika naye akae mbali na ukuta, hata kama jua linapiga pale chini tu.

Helmeti na kramponi (meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti) ni lazima kwa kila anayeshuka korongoni, pamoja na yule wa kushika kamba tu.

Kamba iwe ya mita 60, unene wa milimita 9.5 hadi 10, na iwe imetiwa dawa ya kuzuia maji. Hiyo ya ukumbini muiache nyumbani. Itafyonza maji, maji yataganda, na saa mbili baadaye itakuwa ngumu kama waya. Vifaa vya kushikia kamba vinavyojibana vyenyewe haviaminiki kwenye kamba yenye ganda la barafu, maana kabari ya ndani inaweza kuteleza. Kifaa cha kawaida cha matundu mawili ni bora zaidi, mradi mshikaji awe makini.

Nanga, yaani mahali kamba inaposhikiliwa, hufungwa juu, ukingoni mwa korongo. Bebeni kamba isiyonyumbuka ya mita 10 hadi 15 ili kuishusha nanga hadi kamba ya kupandia isisugue ukingo. Mwisho wake wekeni karabina (pete za chuma zenye mlango) mbili za kufunga, milango ikitazama pande tofauti. Anayeitengeneza ajifunge yeye kwanza kabla hajasogea ukingoni. Na tafadhali, msifunge kitu kwenye mabomba ya maji wala msiyakanyage na kramponi. Maji ya mabomba hayo ndiyo yanayogeuka kuwa barafu mnayokuja kupanda, na jino moja la kramponi linatosha kutoboa mpira.

Siku ya kwanza lipieni kiongozi. Nanga mtaiona ikifungwa mbele ya macho yenu, na hilo video halifundishi.

MamaTumaini

Mtoto wa miaka 10 anaweza, na kuna sehemu maalumu ya watoto. Kinachokwamisha ni ukubwa wa vifaa. Pigeni simu kwenye duka la kukodisha mapema mkiwa na namba ya kiatu chake, kwa sababu buti ngumu za miguu midogo huwa chache. Buti ikimpwaya, kisigino kinainuka ndani na meno ya mbele ya kramponi yanachomoka kwenye barafu. Msimvalishe soksi tatu kuziba nafasi. Damu haitapita na vidole vitaganda. Soksi moja nene ya sufu inatosha.

Mikono yake haina nguvu ya kupigilia shoka. Mtu mzima apande kwanza njia hiyohiyo aache matundu, halafu mtoto aning'inize shoka humohumo. Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii: kwa kilo 29, kamba nzito yenye barafu ikisugua ukingoni inaweza kumzuia asishuke mnapomshusha. Mchagulieni njia fupi, mita 10 hivi, inayolala kidogo.

Glavu ni jozi tatu kwa kila mtu: nyembamba za kupandia, nene za kushikia kamba, na za akiba zikae kavu kifuani ndani ya koti. Mikono ikikaa juu ya kichwa huku imebana shoka, damu huisha vidoleni. Ikirudi, maumivu ni makali kiasi cha kutapika. Mtoto aambiwe mapema kuwa hupita baada ya dakika chache, asije akaogopa. Dawa yake ni kulegeza mshiko na kuangusha mkono mmoja mmoja chini ya kiuno kila baada ya hatua chache.

Pamba isiguse mwili. Sufu au poliesta ndani, na koti kubwa la manyoya la kuvaa *juu ya* kila kitu unaposhika kamba. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto, yenye sukari ya kutosha.

Nunueni glavu na nguo za ndani. Buti, kramponi, mashoka na helmeti kodini.

Msafiri_Aurora

Shukrani sana dada, na wewe mkuu. Je, namna yenyewe ya kupiga shoka? Na barabara?

Nyanda_za_Juu

Lenga kishimo, usilenge nundu. Nundu ikipigwa hupasuka na kukurudia usoni. Pigo litoke begani, kiwiko kifuate, kiganja kimalizie. Mlio mzito wa "dup" maana yake limeshika. Mlio wa kioo au wa uwazi, piga kwingine. Kulitoa, lisukume juu na chini. Ukilitikisa kushoto na kulia utavunja mdomo wake.

Miguu ndiyo inayobeba mwili. Kisigino kishuke kidogo, maana kikipanda meno ya mbele yanang'oka, na wageni wote hukipandisha wanapochoka. Shoka moja juu, miguu miwili sawasawa chini yake, simama wima, ndipo upige la pili.

Asubuhi baada ya baridi kali ya ghafla barafu huwa kavu na hukatika vipande vikubwa. Nyuzi 2 hadi 8 chini ya sifuri ndiyo hali nzuri.

Mashemeji wasione huu ni mchezo wa wengine. Diamond Couloir, mkondo wa barafu wa Mlima Kenya, ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder pamoja na Thumbi Mathenge. Leo barafu ya pale imeyeyuka mno, haitegemeki tena.

Barabara: kutoka Denver fuateni barabara kuu ya I-70 hadi Grand Junction, kisha Montrose na Ridgway. Hesabuni saa 6, theluji ikianguka zaidi. Msiingie kwa upande wa Silverton, mji ulio kusini. Red Mountain Pass, njia ya mlimani ya upande huo, ina kimo cha mita zaidi ya 3,300, sehemu nyingi hazina vizuizi vya pembeni, na hufungwa kwa maporomoko ya theluji. Kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero sheria inadai matairi yanayofaa theluji yenye kashata (mistari ya tairi) za kina cha angalau 3/16 ya inchi, au minyororo ndani ya gari. Pimeni kashata kabla ya safari, na minyororo ijaribuni kuifunga nyumbani mchana, mkiwa na glavu mikononi.