Ulinganisho: shule za umma za Portland na Lewiston (jimbo la Maine, Marekani), na hao "watu mashuhuri waliosoma hapo"

MamaTatu_207
Salaam kwenu wote. Nalinganisha wilaya mbili za shule kabla ya kusaini mkataba wa nyumba: Portland na Lewiston. Watoto ni watatu, miaka 17, 13 na 8. Huyo mkubwa ana bulletin (ripoti za alama za shule) za Bukavu, Kongo, Kiingereza chake bado kichanga. Kila wilaya inajisifia majina makubwa yaliyotoka kwake. Tukiweka sifa pembeni, ipi inamfaa nani?

Kizibo
Mama Tatu, anza na muundo wenyewe. Lewiston ina watu kama 37,000 na shule moja tu ya sekondari ya juu ya umma, Lewiston High. Hakuna kuchagua: ukihamia mjini, mtoto ni wa hapo. Chuo cha ufundi cha mkoa (LRTC) kimeungana na jengo hilohilo, kwa hiyo anayesoma ufundi hapotezi saa barabarani.

Portland ina watu kama 68,000 na sekondari tatu, na mwanafunzi wa gredi ya 8 huchagua. Portland High iko katikati ya mji, Cumberland Avenue, na imekuwepo tangu 1821. Deering iko Stevens Avenue. Deering ulikuwa mji wa peke yake mpaka ulipomezwa na Portland mwaka 1899, ndiyo maana shule hizi mbili ni watani wa jadi hadi leo. Casco Bay ilifunguliwa 2005, ni ndogo, na inafundisha kwa miradi mirefu ambapo mtoto anaandika, anahoji watu na kutetea kazi yake mbele ya wageni. Nafasi zake ni chache, kwa hiyo anayefika katikati ya mwaka asiitegemee.

Ufundi kwa Portland ni kituo cha PATHS, Allen Avenue: uchomeleaji, magari, upishi, afya na kadhalika. Mwanafunzi huenda huko sehemu ya siku, kisha hurudi shuleni kwake.

Zuhura wa Bara
Hayo yote sawa, ila suala la kwanza ni umri wa huyo wa miaka 17. Sheria ya Maine inampa haki ya shule ya umma mtu ambaye hajatimiza miaka 20 kabla mwaka wa shule haujaanza. Sasa piga hesabu. Akiingizwa gredi ya 9 mwezi wa Septemba akiwa na 17, gredi ya 10 ana 18, ya 11 ana 19, na siku ya kufungua gredi ya 12 ameshafika 20. Haki imekwisha na cheti hana. Hesabu ni ileile miji yote miwili, kwa kuwa ni sheria ya jimbo.

Kinachomwokoa ni zile bulletin. Ili uhitimu, jimbo linadai angalau miaka 4 ya Kiingereza, 2 ya hisabati, 2 ya sayansi (mmoja wenye maabara), 2 ya historia na maarifa ya jamii ikiwemo historia ya Marekani, 1 ya sanaa, pamoja na afya na mazoezi ya mwili. Wilaya inaweza kuongeza yake juu ya hapo. Hisabati na sayansi za Bukavu zinaweza kuhesabiwa, na hapo ndipo anapopanda gredi ya 10 au ya 11.

Tatizo hutokea kwenye tafsiri. Bulletin ya Kongo huonyesha pointi juu ya maxima (alama ya juu kabisa), na nusu ni kufaulu. Mmarekani akiona asilimia 58 anasoma "amefeli". Mfasiri aandike chini ya ukurasa, kwa sentensi moja, kwamba alama ya kufaulu ni 50. Wenye vyeti vya Tanzania vivyo hivyo: D ya kidato cha nne ni kufaulu, na inaanzia alama 30. Bila maelezo hayo masomo mazima yanafutwa, mtoto anarudishwa gredi ya 9.

Mtoto_wa_Pwani
Kwa majina, Portland inashinda mchana kweupe. Longfellow yule mshairi, Stephen King mwandishi wa riwaya, Anna Kendrick mwigizaji. Lewiston ina mwigizaji Patrick Dempsey peke yake.

Kizibo
Ndugu yangu, katika hao wanne ni mmoja tu aliyesimama.

Longfellow alizaliwa Portland 1807, lakini alisoma Portland Academy, shule ya binafsi. Portland High ilipofunguliwa tayari alikuwa anaelekea Chuo cha Bowdoin. Kuna shule ya msingi yenye jina lake, watu wanachanganya. Stephen King naye alizaliwa Portland, 1947, ila alihitimu Lisbon High mwaka 1966, na Lisbon ni mji mwingine jirani na Lewiston. Dempsey alizaliwa Lewiston, akakulia Turner na Buckfield. Kuzaliwa hospitali ya mjini si kusoma shule ya mjini.

Wa kweli ni hawa. Anna Kendrick, Deering, 2003. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani, akiwa na miaka 12, kabla hata ya kufika sekondari hiyo. Kwa Portland High: John Ford, aliyehitimu 1914 kwa jina la Feeney na baadaye akapata Oscar nne za uongozaji wa filamu, rekodi ambayo haijavunjwa. Robert Peary, 1873, yule aliyedai kufika Ncha ya Kaskazini 1909. Dai lenyewe linabishaniwa hadi leo. Thomas Brackett Reed, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Cyrus Curtis, tajiri wa magazeti, aliacha baada ya mwaka mmoja, moto mkubwa wa 1866 ulipoteketeza nyumba yao.

Angalia miaka hiyo. Peary na Reed hawana cha kukwambia kuhusu darasa la Kiingereza la mwaka huu.

Bint Rutshuru
Kwa Lewiston mmesahau lile jina ambalo si la mtu mmoja. Timu ya soka ya Lewiston High ya 2015, chini ya kocha Mike McGraw, ilichukua ubingwa wa jimbo bila kufungwa mechi hata moja; fainali waliifunga Scarborough 1–0. Wachezaji wengi walikuwa watoto wa wakimbizi, baadhi wamepitia kambi ya Dadaab, Kenya, na kabla ya mechi walipiga kelele "Pamoja ndugu!" Kwa Kiswahili, Maine.

Mama, huyo wa 13 na wa 8 watapimwa Kiingereza kwa WIDA, mtihani wa wanaojifunza lugha hiyo. Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani andika Kiswahili, usiandike Kiingereza eti mtoto asionekane yuko nyuma. Ukiandika Kiingereza hapimwi, na asipopimwa hapewi mwalimu wa lugha. Unaweza kukataa madarasa hayo, ila mtihani wa kila mwaka utabaki palepale. Kusoma ni 35% ya alama ya jumla, kuandika 35%, kusikiliza 15, kuongea 15. Ndiyo maana mtoto anayechapa Kiingereza uwanjani kama mzawa bado anaambiwa hajafika: kuongea ni kipande kidogo. Mkazanie kuandika.

MamaTatu_207
Asanteni sana. Je, kama chanjo hazijakamilika na nyumba bado haijapatikana, wataandikishwa? Na Portland usafiri ukoje?

Zuhura wa Bara
Wataandikishwa, dada. Familia isiyo na makazi ya kudumu inalindwa na sheria ya McKinney-Vento: mtoto anaanza masomo mara moja, karatasi zinafuata. Hata hifadhi ya muda au kujibana kwa ndugu kunahesabika, lakini lazima useme, maana karani hatabahatisha. Hadhi ya uhamiaji isiwe kigezo cha kumpokea mtoto. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo 1982.

Chanjo: DTaP (dondakoo, pepopunda na kifaduro), polio, MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela), tetekuwanga, gredi ya 7 huongeza Tdap (nyongeza ya DTaP) na ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo huyo wa 13 zinamhusu. Kadi za kambini mara nyingi zina dozi moja tu ya surua, hapa zinatakiwa mbili. Mzazi akiahidi kwa maandishi kukamilisha, kuna siku 90. Msamaha wa kidini uliondolewa Septemba 2021, msipoteze muda na barua ya mchungaji.

Kizibo
Usafiri: wanafunzi wa sekondari ya juu Portland hupanda mabasi ya mji, METRO, kwa kitambulisho cha shule, wadogo hupanda basi la njano. Kisiwani Peaks shule inaishia gredi ya 5, baada ya hapo ni feri kila asubuhi, kwa hiyo kodi ya huko isikutamanishe. Chakula cha shule ni bure jimbo zima tangu 2022.

Kwa huyo mkubwa, kabla ya kusaini mkataba, peleka bulletin zilizotafsiriwa kwa wilaya zote mbili na uombe jibu la maandishi: masomo mangapi yamekubaliwa, gredi ya ngapi. Atakayempa gredi ya 11 ndiye wa kumfuata. Wote wawili wakisema 9, ulizia elimu ya watu wazima mapema: kuna HiSET, njia ya kupata cheti kinacholingana na cha sekondari, mitihani mitano, kila mmoja angalau alama 8, jumla 45, na insha isipungue 2.

Bint Rutshuru
Na HiSET haina Kifaransa wala Kiswahili, ni Kiingereza au Kihispania tu. Ajue hilo kabla hajajiandikisha.