Mkataa SI mtu anayekataa! Huyu mwenyekiti atatuua

Wakuu, nimetoka kikaoni Nkuhungu, hapa Dodoma, sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, wa kukohoa kabla ya kila sentensi. Simtaji.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kikao kilichopita tulikubaliana wote: ukichelewesha marejesho miezi mitatu, hisa zako zinakatwa kufidia deni. Nikaandika kwenye muhtasari, "Huu ni uamuzi wa mkataa." Leo anausoma mbele ya watu thelathini, anafika hapo, anakohoa, anachomoa kalamu nyekundu, anafuta neno langu na juu yake anaandika IMEKATALIWA. Imekataliwa! Kwa wino mwekundu! Halafu anawageukia wanachama: "Katibu anasema kikao kimekataa." Watu wakacheka mpaka mbuzi wa jirani wakaacha kula.

Mkataa ni jambo lililokatwa likaisha, halirudi mezani. Kata ile ile ya kukata shauri. Neno la mkataa, bei ya mkataa, kazi ya mkataa. Anayekataa ni mkataaji! BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lipo tangu 1967 na mtu mzima hajui hilo?

Kalamu nyekundu, wakuu. Kwenye daftari nililonunua kwa hela yangu. Wino umepenya hadi ukurasa wa michango. Na mdaiwa wetu sugu keshaanza kutangaza kwamba kukatwa kwake hisa "kumekataliwa kwenye muhtasari".

zabibu_chungu: Pole katibu. Ila ungeandika "uamuzi wa mwisho" ungepungukiwa nini? Kikao cha mikopo umekigeuza mtihani wa Kiswahili.

Mleta uzi: Kwa hiyo neno lizikwe kwa kuwa yeye halijui? IMEKATALIWA, ndugu yangu! Nyekundu!

wakili_wa_mtaa: Mkataa uko kwenye Katiba, ibara ya 41(7): Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mahakama ya Rufani yenyewe huombwa mapitio ya hukumu yake. Huo wenu kikao kijacho tu unabadilika.

Mtoto wa Makole: Makao makuu kuja Dodoma yaliamuliwa 1973, serikali ikaja kufunga mizigo kweli kweli 2016. Miaka 43! Katibu subiri zamu yako.

Mama Kongwa: Mkataa ni mwenye nyumba wangu. Kodi miezi sita kwa mkupuo, hataki kusikia lolote. Bomba likipasuka: "Tutajadiliana."

bajaji_jamatini: Afadhali wako. Wangu anafunga koki saa mbili usiku, tunaoga kwa zamu kama bweni.

Mleta uzi: Jamani, tunatoka nje ya mada. Kalamu nyekundu!

Mama Kongwa: Kumbe wewe mpaka saa mbili maji yapo? Mtaa gani huo?

bajaji_jamatini: Ipagala. Chumba kimoja kiko wazi, njoo ukione kesho.