Hilda wa Whitby hakuwa mpokea wageni! Historia ya nusunusu imenichosha

Wakuu, nimetoka kwenye semina ya historia ya Kanisa jioni hii na hasira bado haijanitoka.

Mwezeshaji alifika kwenye Sinodi ya Whitby, mkutano wa Kanisa uliofanyika Uingereza mwaka 664. Akamtaja Mfalme Oswiu, akamtaja Wilfrid aliyetetea hesabu ya Roma, akamtaja Askofu Colmán aliyetetea ile ya Kiayalandi, ule ugomvi wa tarehe ya Pasaka akaueleza vizuri tu. Nikanyoosha mkono nikauliza: hapo walipokutania palikuwa kwa nani? Akanijibu, "Palikuwa na masista, walipokea wageni." Watu wakacheka, akafungua ukurasa mwingine.

Palikuwa kwa Hilda! Mwanamke wa ukoo wa Mfalme Edwin wa Northumbria, ufalme wa kaskazini mwa Uingereza, aliyebatizwa pamoja naye mwaka 627, akaongoza monasteri ya Hartlepool, kisha mwaka 657 akaanzisha hiyo ya Whitby. Ilikuwa ya wanaume na wanawake, na wote walikuwa chini ya abesi, yaani mwanamke mkuu wa monasteri. Narudia, wanaume walikuwa chini yake. Waliosoma kwake, 5 walikuja kuwa maaskofu. Wafalme walimwendea kutaka ushauri. Mchunga ng'ombe Cædmon alipoota wimbo, alipelekwa mbele ya Hilda, wasomi wakamsikiliza, na Hilda ndiye aliyemwambia aache maisha ya kilimwengu aingie utawani. Huyo ndiye mshairi wa kwanza wa Kiingereza anayejulikana kwa jina. Kwenye sinodi yenyewe Hilda alikuwa upande wa Colmán, yaani upande ulioshindwa, na bado aliendelea kuongoza mpaka alipofariki mwaka 680. Haya yote kayaandika Bede, mtawa mwanaume, katika historia aliyoimaliza mwaka 731. Hakuna wa kuniambia ni maneno ya wanaharakati wa juzi.

Halafu nimefika nyumbani, nasoma makabrasha tuliyogawiwa, abesi wa zama hizo wanaitwa "mabinti wa kifalme waliokosa waume." Jamani! Etheldreda, binti wa Mfalme Anna wa East Anglia, aliolewa mara mbili, mara ya pili na Ecgfrith, mfalme wa Northumbria. Aliacha umalkia kwa hiari yake, akaanzisha monasteri ya Ely mwaka 673. Alipofariki mwaka 679, dada yake Seaxburh, aliyekuwa malkia wa Kent, akashika nafasi yake. Mildrith wa Thanet, naye wa ukoo wa kifalme wa Kent, alikuwa na meli, na Mfalme Æthelbald wa Mercia alimsamehe ushuru wake katika bandari ya London. Abesi mwenye meli na hati ya mfalme, mnamwita aliyekosa mume?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Waviking waliiharibu Ely katika karne ya 9. Ilipofufuliwa mwaka 970 walipewa watawa wanaume peke yao. Nyumba iliyoanzishwa na malkia, ikaongozwa na malkia, wanawake wakatolewa moja kwa moja. Nyumba walishanyang'anywa, sasa hata jina wanyimwe?

Nimeshamwandikia mwezeshaji asahihishe makabrasha kabla ya kipindi cha Jumamosi. Asipofanya, nitasimama mwenyewe niyaseme haya, hata wakicheka tena. Mwenye ramani nzuri ya monasteri hizi aiweke hapa, nitatoa nakala za darasa zima kwa pesa yangu.