Vijana wa Wete na kundi la taarab: tununue kinanda au fidla?

MtotoWaBopwe
Asalaam aleikum wanajukwaa. Niko Wete, Pemba. Tangu Mfungo Mosi tunakusanyika vijana 14, wengi bado wako skuli, nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga fidla zamani. Tuna udi mmoja, dumbaki mbili, rika (tari ndogo ya njuga) iliyochanika ngozi, na fidla ya mzee ambayo huigusi mpaka ukoshe mikono. Baada ya karafuu wazee wa mtaani wametuchangia, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nusu yetu wanataka kinanda ili tuanze kualikwa harusini. Nusu wanataka fidla. Mzee anasema kinanda kitatuharibu masikio. Pesa hazifiki vyote viwili. Nishaurini, na mwenye kujua vikundi vya Unguja vilianzaje atwambie.

MpenziWaBashraf
Waaleikum salaam mwanangu. Hivi vikundi unavyoviona leo vimejaa mvi navyo vilikuwa vya vijana. Ikhwani Safaa ni ya 1905. Culture Musical Club ilianza 1958. Na kabla yao, Sultani Barghash alipotaka muziki wa Kimisri kasrini kwake, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Yaani aliyekuwa na hazina nzima alianza kwa kutafuta mtu wa kujua. Nyinyi mnaye mzee, mnatafuta nini tena? Mkalieni kitako angali hai.

Kamba4
Mzee wenu hakosei kuhusu masikio. Kinanda cha kawaida kina sauti nzima na nusu tu, na maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama rasti na bayati zina sauti zinazokaa katikati ya hizo. Fidla na udi havina vizuizi shingoni, kidole kinaitafuta sauti mpaka kinaipata. Kijana aliyezoea kinanda miaka miwili, ukimpa fidla atakupigia bayati iliyonyooka kama rula. Vipo vinanda vya kubadilisha sauti hizo, lakini ulizeni bei kwanza mkae chini.
Kwa fidla: chukueni na waya za akiba, ile nyembamba ndiyo hukatika mwanzo. Chombo kikae sandukuni, msikitundike dirishani, hewa ya bahari inafumua gundi. Upinde ulegezwe kila mkimaliza. Na msisahau ulimbo wa kuupaka, bila huo upinde unateleza tu.

Dogo_Darajani
Nunueni spika kubwa, mengine yatajipa.

MtotoWaBopwe
Spika tunaazima skuli, yakhe. Tatizo ni wa kuingiza sauti ndani yake 😂

MamaWaWanne
Mie binti yangu alikuwa katika kundi kama hilo, tena mwimbaji. Halikuvunjika kwa vyombo, lilivunjika kwa pesa za tunzo. Mwimbaji anatunzwa mbele ya watu, noti zinarushwa, mpiga dumbaki nyuma haoni kitu, kesho yake hasemi na mtu. Kaandikeni kabla ya mwaliko wa kwanza: zinaingia wapi, nani anashika daftari. Na mazoezi yawe baina ya alasiri na magharibi. Mkianza kukaa hadi usiku, wazazi wa wasichana watawatoa mmoja mmoja, nami wa kwanza.

NaiYaMwanzi
Nilisoma kidogo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kile kilichoanzishwa 2001 Mji Mkongwe. Nilichojifunza ni kuwa ukimfundisha mwenzako jana ulichofundishwa, wewe ndiye unayekishika. Chagueni wawili wenye sikio, wakae na mzee kila siku, wao wawafundishe wengine. Fidla mbili zinatosha kwa hilo. Bashraf moja tu, ule muziki wa vyombo bila kuimba, ipigeni hadi majirani wawachoke, ndipo muende harusini. Kinanda kikihitajika siku hiyo, azimeni pamoja na mpigaji wake.

MtotoWaBopwe
Ahsanteni sana, nimewasomea wenzangu uzi wote jioni hii, mzee akacheka hasa pale pa rula. Tumekubaliana fidla mbili, na daftari anashika msichana wa kidato cha tatu ambaye hata kwa kaka yake hakopeshi. Sasa swali ni moja: fidla zilale nyumbani kwa nani? Hapo tumeanza upya, mmoja kesharuka na kofia yake.

MamaWaWanne
Kwa mzee.