Mjomba anaamini kila kitu ni mpango wa siri wa serikali na kijiji kinamfuata, nifanyeje?

Habari za muda huu wakuu, naombeni mnisikilize maana nimekwama kweli.

Mimi nipo Mtwara mjini ila kwetu Newala na aliyenilea ni mjomba, kaka yake mama. Wa huku mnajua mjomba kwetu ni nani, neno lake huliruki hivihivi. Mzee anaheshimika, ana mikorosho yake, watu wakigombana mpaka wa shamba wanakuja barazani kwake. Mwaka juzi nikamnunulia simu kubwa, tangu hapo yupo kwenye magrupu ya WhatsApp na usiku kucha ni voisi tu, wakubwa wameuza nchi, chanjo ni ya kutumalizia kizazi, usajili wa wakulima ni wa kutunyang'anya ardhi.

Ningekaa kimya kama angeishia kusikiliza. Mwaka 2024 manesi walipokuja shuleni na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, binti yake wa darasa la nne akapelekwa shamba alfajiri. Usajili wa wakulima akagoma, salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho, ikampita, mikorosho ikapigwa na ugonjwa wa ubwiriunga, namwona anaikagua bila kusema neno. Uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 2024 akawaambia watu wasijisumbue, kila kitu kilishapangwa Dodoma, na kweli mtaa wetu wengi hawakwenda. Sasa hata mkutano wa kijiji akidi haitimii, mapato na matumizi hayasomwi na hakuna wa kuuliza.

Mwezi uliopita nilikuta stakabadhi yake ya korosho imekunjwa chini ya redio. Alipeleka magunia mawili ya kilo themanini themanini, tulipima wote nyumbani, karatasi inasema 153. Namuuliza kilo saba zimeenda wapi ananijibu hayo madogo, kuna makubwa yanakuja. Iliniuma sana wakuu. Niongee naye vipi bila kumvunjia heshima?

Njomba_Shangani:
Pole mdogo wangu. Ila usianze kumwona mzee kapotoka, anza na alipotokea. Tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya nishati inasomwa bungeni, hapa mjini maduka yamefungwa watu tuko redioni tusikie gesi yetu inabaki au inaenda Dar, tukasikia bomba linajengwa, yaliyofuata tuliokuwepo tunayajua, moto, risasi, watu walikufa. Na mikataba yenyewe hatukuonyeshwa. Mwaka 2014 mpaka kamati ya Bunge ya hesabu za serikali iliagiza wakubwa wa TPDC, shirika la mafuta na gesi la serikali, wakamatwe kwa kutotoa mikataba 26. Sasa kama mbunge ananyimwa karatasi, mkulima wa Newala ajaze nini kwenye hilo pengo? Atajaza anachosikia. Mimi lawama kubwa naiweka kwenye kufichaficha.

mama_wawili_Masasi:
Nakubaliana na Njomba hapo juu ila tusimpe mzee sababu zote. Siri za kweli zipo na zinajulikana zilivyotoka. Mkataba wa umeme wa Richmond ulichunguzwa na kamati teule ya Bunge, Februari 2008 waziri mkuu akajiuzulu. Wizi wa EPA, ile akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, bilioni 133, ulitokea kwenye ukaguzi wa hesabu. Hata Marekani wale watu weusi wa Tuskegee ambao watafiti wa serikali waliwaacha na kaswende bila tiba tangu 1932, mwaka 1972 mtu alipeleka habari gazetini utafiti ukasimamishwa. Kote huko kuna karatasi, kuna tarehe, kuna mtu unaweza kumuuliza. Voisi ya mjomba ina nini? "Nimeambiwa na mtu wa ndani". Muulize kwa adabu tu, mjomba huyu mtu wa ndani anaitwa nani?

Nesi wa Ndanda:
Naongelea binti. Hiyo chanjo ilianza nchi nzima 2018, kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Waliochanjwa mwanzo wameshavuka ishirini, nawapokea kliniki na matumbo yao, nawapimia watoto wao. Hao wagumba wako wapi? Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wetu na tunaletewa mama damu zinatoka miezi, kachelewa. Usibishane na mzee kwenye grupu. Ongea na shangazi, yaani mke wake, mtoto bado umri unaruhusu. Nakuomba sana hili lisisubiri yale mengine.

Mvuvi_Msimbati:
Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja tuhame, shule zikafungwa, tukabeba watoto na magodoro, kesho yake upepo wa kawaida. Watu wakasema tumehamishwa kuna kitu kinapimwa baharini wasitake tuone, na mimi nilisema hivyohivyo. Kumbe kilishukia Msumbiji, kisiwa cha Ibo nina jamaa zangu, nyumba karibu zote zimelala chini. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kikatangazwa wengi tukagoma kuhama kwa yale ya 2019. Mungu alitusitiri ila barabara ya Kilwa ilikatika pale Somanga magari yakakwama siku kadhaa. Toka hapo nasikiliza TMA, watu wa hali ya hewa. Mwambie mzee ya kwangu, mtu aliyekosea mwenyewe anasikilizwa kuliko mjuaji.

Njomba_Shangani:
Mvuvi umesema. Na wewe mleta uzi hizo kilo saba usiziache. Sheria inataka mkutano wa kijiji kila miezi mitatu, na mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika kinachopokea korosho, ana haki ya kuona hesabu. Mzee anatafuta mwizi, mpelekee huyo mwenye mizani.

Mleta uzi:
Asanteni sana wakuu, nimerudi jana kutoka Newala. Sikugusa habari za grupu kabisa. Nilimwambia mjomba naomba unisaidie kupiga hesabu za stakabadhi zako, akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa limejaa karatasi kuanzia ule msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kuzibeba. Tumekaa mpaka taa ikaisha chaji. Alikuwa na daftari lake la kupima nyumbani, kila msimu anaandika, na karibu kila gunia kilo zimepungua. Alinyamaza muda mrefu akauliza jirani yetu naye ana karatasi zake? Leo asubuhi amepita nyumba tatu na lile kopo kwapani.

Ya mtu wa ndani nilimuuliza, hakunijibu. Grupuni bado yupo. Shangazi amekubali, Jumatatu anampeleka mtoto zahanati, ila kasema mjomba atamwambia mwenyewe kwanza, hataki kumficha.