Tupeane uzoefu: uliyetoa giaboksi ya oto (inayobadili gia yenyewe) ukafunga ya manyuo (ya kubadili kwa mkono), nini kilikusumbua gari lilipotoka gereji?

Mteremko wa Iwambi

Wakuu, habari za jioni.

Nina Mark II GX100, injini 1G-FE. Giaboksi ya oto ilinifia nikitoka Chunya, nimebakiza kona chache nianze kushuka mjini Mbeya. Kumbe rejeta ilikuwa imetoboka kwa ndani, pale kwenye kipoozeo cha hidroliki, yaani oili ya giaboksi ya oto, maji yakawa yanaingia kwenye giaboksi kimya kimya. Nilipochomoa kijiti cha kupimia nikakutana na chai ya maziwa. Fundi akasema oto nyingine ya mtumba ni kucheza kamari, tufunge manyuo, milima yetu ndiyo inaitaka. Nikakubali.

Leo ni wiki ya tatu. Mwanzoni stata, ile mota ya kuwashia injini, ilikuwa haiiti kabisa, fundi akaunga nyaya fulani, sasa gari linawaka hata likiwa ndani ya gia. Likifika spidi 70 linatetemeka chini ya kiti, likipita 95 linatulia. Asubuhi gia zinaingia vizuri, likichemka nikikanyaga klachi kuna mlio wa kusaga na namba moja inagoma. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, ile ya gia ya juu ya oto, inapepesa siku nzima kama ya harusini. Na funguo haichomoki, inaishia pale ACC, hatua moja kabla ya kuchomoka, kwa hiyo kila usiku nachomoa terminali ya betri.

Nikimpigia fundi anasema, "Litazoea tu, bosi." Chuma kinazoea nini jamani?

Sitaki ushauri wa "uza ununue nyingine". Nataka aliyepitia: nini kilikusumbua na ulikigunduaje.

Fundi Waya

Pole mkuu. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Soweto hapa hapa Mbeya. Umebadilisha giaboksi, lakini gari lenyewe halijaambiwa. Linajijua bado ni oto, linasubiri taarifa ambazo hakuna wa kulipatia.

Anza na stata. Kwenye oto, umeme wa kwenda stata unapita kwanza kwenye swichi iliyo ubavuni mwa giaboksi, ile inayojua uko P (paki), R (rivasi), N (nyutro) au D (kwenda mbele). Giaboksi ikishuka, swichi inashuka nayo, nyaya zinabaki zinaning'inia. Fundi wako kaziunga, gari limewaka, kalipwa. Hiyo inafaa kulifikisha nyumbani, haifai kuishi nayo. Zipitishe kwenye swichi ya pedali ya klachi, usipokanyaga stata isiite.

O/D OFF inayopepesa ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, inazitafuta solenoidi, zile vali za umeme za kubadilishia gia. Kama gari lako ni la kusomwa kwa kuhesabu taa inavyopepesa, utahesabu namba za kosa 62 na 63. Zinazokubali mashine ya kusomea makosa zinatoa P0753 na P0758. Ugonjwa ni ule ule. Ukiona 42 au P0500 ujue na sensa ya spidi imesahaulika, na mshale wa spidi utakuwa umelala.

Solenoidi hizo zina ukinzani wa umeme wa omu 11 hadi 15. Wapo wanaoweka rezista ya omu 15 kuidanganya kontroli boksi, nami nimeshafanya, ila si vile virezista vya redio. Umeme wa gari ukipita pale unatoa joto la wati kama 13, kitayeyusha waya wa jirani. Chukua ya wati 25 uifunge kwenye chuma cha bodi. Dawa yenyewe hasa ni kontroli boksi ya manyuo ya injini hiyo hiyo, ukibahatika kuipata.

Hilo la funguo chungulia chini ya konsoli, pale katikati ya viti vya mbele. Nadhani wamekata lever ya oto wakaacha kile kiboksi cha kufuli ya gia kimechomekwa. Kinaona gia haiko P, kinashika funguo.

Ndizi Tukuyu

Hilo la kuwaka ndani ya gia msilichukulie poa. Kwetu ni kilima kitupu, ukipaki unaacha namba moja. Carina yangu nayo ilikuwa imeungwa hivyo hivyo. Binti yangu akaingia achaji simu, akazungusha funguo mpaka mwisho. Gari liliruka kama chura, likapita na uzio, likaenda kusimama kwenye migomba ya jirani. Upande wa pili wa kibaraza alikuwa amekaa bibi yake anachambua maharage.

Swichi ya klachi niliifunga kesho yake, kazi yenyewe haikufika saa moja. Migomba nimeilipa kwa awamu.

Mzee wa Kitonga

Vijana, mimi siku zote nawasoma tu, leo niandike.

Prado yangu ya injini 1KZ niliibadilisha kwa sababu nashuka mlima Kitonga mara mbili kwa wiki na nilichoka kunusa breki. Mwezi wa pili baada ya kufunga manyuo, injini ikaanza kugonga. Ko-ko-ko, ikiwa kwenye sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Pale Ipogolo mafundi watatu waliisikiliza, mmoja hadi akaweka bisibisi sikioni, wote wakasema konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Nikaanza kuulizia mtu wa kununua ng'ombe ili nipate hela ya kufungua injini.

Aliyeniokoa ni saidia fundi mmoja, na wala hakuulizwa. Akasema, "Mzee, shikamoo, hebu kanyaga klachi." Nikakanyaga, mlio ukapungua. Nikaachia, ukarudi. Akasema konrodi haina habari na klachi. Wakubwa zake wakamtazama vibaya, lakini giaboksi ikashushwa.

Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linalobeba klachi, ilikuwa inacheza. Waliifunga kwa boliti zile zile zilizokuwa zinashika sahani ya oto. Ile sahani ni bati, flaiwili ni chuma kinene, kwa hiyo boliti fupi ilishika nyuzi chache tu kwenye krenki, shafti kuu ya injini. Mbili zilishalegea na matundu yameanza kuwa umbo la yai. Nikanunua boliti za manyuo, mpya zote, zikakazwa kwa spana ya kupimia nguvu na gundi ya nyuzi. Injini ile haijafunguliwa mpaka leo, na ng'ombe yupo.

Huwa nafikiria ile flaiwili ingeachia katikati ya Kitonga, lori mbele, lori nyuma. Basi nanyamaza.

Shafti Senta

Mtetemo unaokuja 70 na kuondoka 95 si wa injini. Tafuta barabara iliyo wazi, ukiwa kwenye 80 weka nyutro uliache liteleze kidogo. Mtetemo ukiendelea, injini na klachi hazihusiki, ni propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, au matairi.

Giaboksi ya manyuo na ya oto hazina urefu mmoja, kwa hiyo propela yako lazima ilikatwa au iliongezwa. Ingia chini uangalie lile bomba lililochomelewa: masikio ya krosi (kiungo kinachokunjika) ya mbele na ya nyuma yanatakiwa yalale mstari mmoja. Fundi chomelea akiyapishanisha, shafti inakuwa inakimbia na kusita ndani ya kila mzunguko, hata uisawazishe uzito mara kumi haitulii. Niliona moja hapa Makambako masikio yamepishana robo nzima ya duara, mwenye gari alishabadili matairi manne na shokabu mbili za nyuma.

Angalia pia maunti, ile raba inayobeba giaboksi kwa nyuma. Wengi huweka vipande vya chuma kuinyanyua, pembe za krosi zinaharibika.

Noah ya Kiwira

Hiyo ya gia kugoma jaribu hivi. Zima injini, pitisha gia zote. Zikiingia laini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwa inawaka, klachi haiachii. Zikigoma hata imezimwa, tafuta kwenye lever, kebo, au giaboksi yenyewe.

Yangu ilikuwa haiachii. Tulibadili masta silinda, ile pampu ya pedali, tukabadili silinda ya chini, tukatoa hewa mpaka tukamaliza chupa tatu za mafuta ya breki. Nikipanda na abiria ndiyo mbaya zaidi, kusimama na kuondoka ni vita. Siku hiyo kondakta wangu ameinama anatafuta shilingi mia tano iliyomdondoka, mimi nakanyaga klachi, akasema, "Braza, hili bati linapumua."

Kweli. Pedali ya klachi ilifungwa juu ya bati tupu la ukuta unaotenganisha injini na dereva, oto haikuwa na haja ya kuimarishwa hapo. Kila nikikanyaga, nusu ya nguvu inaishia kulikunja bati. Tulichomelea kipande kinene nyuma yake, klachi ikaachia siku hiyo hiyo. Ile mia tano hatukuipata.

Spana ya Mafinga

Kwa mwenye uzi: huo mlio, sikiliza unaanzia wapi. Ukigusa pedali tu ukaanza, ni rilisi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Ukianza pedali imefika chini na gari limesimama ndani ya gia, ni pailoti beringi, ile ndogo inayokaa kwenye tundu la nyuma la krenki na kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Injini iliyokuja na oto haina beringi hiyo, kwa sababu oto haiihitaji. Lazima uinunue na uipigilie. Fundi aliyezoea gari ndogo za kuvuta mbele anaweza asijue, maana nyingi za aina hiyo hazina kabisa.

Ikikosekana, ncha ya shafti inayumba hewani, gia zinasaga. Usiendelee kulitembeza.

Mkinga Mtulivu

Kamwene wakuu. Langu ni dogo. Mwezi wa saba huku Makete sakitu inalala kwenye majani ya viazi. Hilux yangu asubuhi namba mbili ilikuwa haiingii mpaka nitembee kilomita mbili. Nikaambiwa sinkronaiza, zile pete za kulainisha gia kuingia, zimekwisha, leta giaboksi nyingine. Kumbe walipofunga waliweka oili namba 140, ile nzito ya difu, giaboksi ya ekseli ya nyuma. Nilipoimwaga ilitoka kama asali. Nikaweka oili nyepesi ya giaboksi, 75W-90 ya daraja la GL-4, asubuhi yake gia ikaingia kama kisu kwenye parachichi.

Mama Parachichi

Niruhusuni niwe mchawi wa uzi huu. Mimi nilirudisha oto.

RAV4 yangu, nipo Kihesa, Iringa. Niliambiwa hayo hayo ya milima. Nikanunua giaboksi, flaiwili, klachi nzima, pedali, lever, kebo, na shafti za magurudumu maana za zamani hazikuingia. Halafu fundi umeme mara tatu. Ningejumlisha mapema ningepata oto ya mtumba na rejeta mpya na chenji. Na oto yangu haikuuawa na milima. Iliuawa na mtu aliyemwaga oili yake akajaza isiyo yake, mimi nimesimama pembeni nashika tochi.

Kaka wa Iwambi, hiyo rejeta iliyotoboka uliitoa? Mmeongea beringi na waya, rejeta hakuna aliyeigusa. Kama ni ile ile, maji yatatokea kwenye vile vimirija viwili vya hidroliki. Angalia vimezibwa na nini.

Bodaboda Mafiati

Langu mimi ni taa za rivasi. Miezi minne hazikuwaka na sikujua, mpaka usiku mmoja nikarudi nyuma juu ya pikipiki ya mtu. Manyuo ina swichi yake ndogo ya nyaya mbili pale kwenye giaboksi. Ile ya kwangu ilikuwepo, imekaa, haijachomekwa kitu.

Mteremko wa Iwambi

Wakuu, nimerudi. Ndaga sana kwa wote.

Mzee wa Kitonga, shikamoo. Jumamosi tumeshusha giaboksi kwa fundi mwingine, Uyole. Boliti za flaiwili ziko sawa, hapo nilipona. Pailoti beringi hakuna. Tundu la krenki tupu, ncha ya shafti imeshaanza kupata mikwaruzo lakini fundi anasema itatumika. Beringi yenyewe nimeipata Mwanjelwa kwa hela ya chakula cha mchana. Mlio umekwisha, namba moja inaingia hata likichemka.

Propela ni kama alivyosema Shafti Senta, masikio yamepishana. Imekatwa, imelazwa sawa, ikachomelewa tena na kusawazishwa. Nimekwenda nalo mpaka Igawa na kurudi, chini ya kiti kimya.

Kiboksi cha kufuli ya gia kilikuwepo chini ya konsoli, kimefungwa na gundi ya karatasi kisipige kelele. Nimekichomoa, funguo imetoka. Swichi ya klachi imefungwa. Rezista bado natafuta, taa inaendelea na harusi yake.

Dada Parachichi, vimirija vya rejeta vilikuwa vimezibwa na vipande vya mti na klipu. Vya mti! Kimoja kimeshalowa. Rejeta nyingine nimeiagiza.

Bodaboda Mafiati

Safi sana mkuu. Na rivasi?

Mteremko wa Iwambi

Ngoja nitoke nje nikaangalie.

Mteremko wa Iwambi

Haziwaki.